Mikono ya Chiriku

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo natimiza miezi saba tangu nitoke nyumbani. Daftari hili nililinunua siku ile ile niliyovuka mpaka nikafika huku, nikaapa nitaandika kila jioni, lakini mpaka leo kazi yake ilikuwa kushikilia dirisha lisigonge upepo ukivuma. Leo mvua zimeanza, dirisha limefungwa, daftari limebaki bila ajira. Nimeliajiri upya.

Ni kiwanda cha mbao. Malori yanaleta magogo, tunayashusha, tunayasukuma mpaka kwenye msumeno mkubwa, mbao zinatokea upande wa pili, tunazipanga. Shule niliishia darasa la sita, na kazi hii haikuuliza hata hilo. Iliuliza mgongo.

Kinyozi, anayelala kitanda cha juu yangu, ameniona nikiandika. "Wosia huo? Viatu niandikie mimi." Kazi yake ni kama yangu, ila Jumapili anatunyoa.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Lori moja tu limefika. Tumeshinda bandani tukitazamana.

Jumapili, 9 Machi

Nimezungumza na nyumbani kwa simu ya picha. Mke wangu aliishika simu mbali ili nimwone binti yetu mzima, maana Chiriku ukimwonyesha uso peke yake umemkata maneno nusu. Ni kiziwi tangu kuzaliwa. Ana miaka minane. Jina hilo alilipata mwaka jana, alipoanza shule na kujifunza lugha ya alama, akawa anaropoka kwa mikono tangu anapoamka, hata mezani, hata na kijiko mkononi. Mama yake akasema tumezaa chiriku. Mimi simwelewi. Naelewa akitaja kula, kulala na mvua. Kwa mengine yote natikisa kichwa, naye anajua kwamba natikisa tu.

Leo kulikuwa na jambo. Shule yake imeletewa agizo kwamba watoto viziwi wote wafundishwe kwa lugha ya alama. Lakini walimu wanaoijua hawatoshi, kwa hiyo mwalimu mkuu amegawa darasa la pili mara mbili. Kuna darasa la alama, na kuna darasa la midomo, ambamo watoto wanafundishwa kutoa sauti na kusoma midomo ya mwalimu, na mikono inatulia. Kila mzazi achague.

"Wewe ndiye baba," mke wangu akasema. "Nimwandikishe wapi?"

Mama yangu alikuwa nyuma yake anachambua mchele. Hakungoja kuulizwa. "La midomo! Mtoto akizoea mikono, ulimi utalala. Nani ataoa mtu wa kupunga hewa?"

"Mama, ana miaka minane."

"Na wewe ulikuwa na minane jana."

Nikasema la midomo. Mke wangu akasema, "Yeye analipenda lile jingine." Nikamjibu kwamba mtoto hachagui dawa. Chiriku alikuwa anatutazama mmoja mmoja, mama, bibi, simu, kama mtu aliyekaa katikati ya mechi ya mpira asiyejua timu yake ni ipi.

Nataka kumsikia akiniita baba. Sioni ubaya wake.

Ijumaa, 14 Machi

Msimamizi amenihamishia kwenye msumeno, nisimame mbele ya Bubu. Bubu ndiye anayeuendesha. Hasikii wala hasemi, na kila mtu humwita hivyo, hata mwenye kiwanda. Nilidhani wamemweka pale kwa huruma. Kumbe msumeno ukishawaka hakuna anayemsikia mwenzake, na katika banda zima ni yeye peke yake ambaye hilo halimpunguzii kitu.

Tunafanya kazi kwa ishara. Ngumi juu, simama. Kiganja chini, punguza. Vidole viwili, geuza gogo. Ukichelewa kugeuza anakutazama kama mama mkwe.

Jumatano, 19 Machi

Ishara zote nimeshazijua. Nilijisifu kwa Kinyozi kwamba nikirudi nitazungumza na binti yangu bila mkalimani. Akasema, "Utamwambia nini, geuza gogo?"

Jumanne, 25 Machi

Saa ya chai msumeno ulizimwa. Nilimwonyesha Bubu picha ya Chiriku kwenye simu, nikagusa sikio langu, nikafanya hapana kwa kidole. Alimtazama muda mrefu, akatabasamu. Akachomoa penseli aliyoichomeka juu ya sikio, akaandika kwenye kipande cha ubao: "Shule?"

Nikaandika chini yake: "Ndiyo. Anafundishwa kusema kwa mdomo." Nilikuwa najivuna, nakiri.

Aliweka ubao chini. Akanigeukia, akavuta pumzi, akasema, "Mmma. Jji." Sauti ilitoka kama mlango unaoburutwa kwenye sakafu. Banda zima liligeuka. Hakuna aliyewahi kumsikia. Mtu mmoja alicheka, wakacheka wote, na Kinyozi akapiga kelele, "Bubu kasema! Leo inanyesha mawe!"

Yeye alingoja mpaka midomo yao ikafungwa. Akaandika taratibu, herufi kubwa kubwa: "Shule ya midomo. Miaka mingi. Tulifungwa mikono kwa kitambaa. Neno hili walisema ni zuri kuliko yangu yote." Akageuza ubao. "Kusoma nilijifunza ukubwani, kwa mafundi cherehani viziwi. Kwa mikono."

Nilikunywa chai yangu. Nilimkasirikia mchana kutwa, kwa sababu nani alimwuliza.

Jumapili, 30 Machi

Mtandao mbaya. Nimeona dari ya nyumbani na nusu ya paji la uso wa mama.

Jumatano, 2 Aprili

Lori limezama kwenye matope mpaka ekseli. Tumelisukuma watu kumi na wawili, likatoka, tukabaki sisi.

Jumapili, 6 Aprili

Leo, leo, leo. Mke wangu amenitumia sauti. Nilidhani ni habari za bati linalovuja. Nikaiweka sikioni. Kwanza kimya, halafu sauti ya mwalimu, "Haya," halafu sauti nyingine ndogo, nzito, inayojikwaa: "Ba. Ba."

Nimeisikiliza nikiwa nafua, nikiwa nala, nikiwa nimesimama tu. Nimewasikilizisha wote chumbani. Kinyozi, ambaye hana jambo asilolifanyia mzaha, alisimamisha wembe, akasema, "Hongera, baba Chiriku," akaendelea kumnyoa mtu.

Nilipompigia mke wangu sikumkuta na furaha niliyoitegemea. Alisema, "Imewachukua wiki tatu. Kila siku baada ya masomo, wakimshika koo ajue pa kutetemesha. Ameweza. Ni hodari."

"Sasa mbona sauti yako hivyo?"

"Zamani alikuwa akirudi ananisimulia shule mpaka chakula kinaungua. Sasa anarudi analala. Tangu wamhamishe hajanisimulia kitu hata kimoja, baba Chiriku. Nilikuwa sielewi hata nusu, lakini alikuwa ananisimulia."

Nilimwambia ni uchovu, atazoea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilimpelekea Bubu simu yangu, nikabonyeza ile sauti. Ujinga wangu, nilisahau. Ningekumbuka kama angekasirika, lakini hakukasirika. Aliweka kiganja chake juu ya spika, akafumba macho, akaisikia kwa ngozi. Mara mbili: ba, ba. Akainua kidole gumba. Kisha akaandika: "Na yeye ameisikia?"

Gogo lililofuata niliwahi kuligeuza kabla hajaniambia. Aliniinulia ngumi juu, simama, akaja kunitazama usoni. Nikamwonyesha vumbi, kwamba ni vumbi la mbao limeingia machoni.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimemwomba anifundishe. Si ishara za msumeno. Lugha yenyewe. Nilidhani ni kitu kimoja, kumbe za msumeno ni kama filimbi ya refa. Refa hawezi kukusimulia habari za mkewe kwa filimbi. Yeye na rafiki zake wale mafundi cherehani, wakikutana mjini Jumapili, wanasengenya, wanabishana siasa, wanatongoza. Ameniambia mwenyewe, kwa ubao na kwa mikono, na nikaona kwa macho yangu jinsi mtu anavyoweza kusengenya bila kufungua mdomo.

Kuanzia leo simwandiki Bubu. Nimewaambia na wenzangu.

"Sasa tumwite nani, Mheshimiwa?" Kinyozi akauliza.

"Mwite Fundi. Wewe ukinyoa kwa wembe butu tunakuita Kinyozi, yeye anapasua mbao zisipishane hata unywele, tunamwita kwa kitu asichokuwa nacho?"

"Basi Fundi. Lakini na wembe wangu umeuheshimu lini?"

Jumamosi, 12 Aprili

Baba. Mama. Mtoto. Nyumba. Penda. Rudi. Vidole vyangu vimekakamaa, vina sugu kama kwato. Fundi ananishika kidole kimoja kimoja na kukiweka mahali pake, hachoki.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua haikatiki. Hakuna kazi, kwa hiyo kuna masomo.

Leo nilimwuliza Fundi kuhusu mama yake. Alichukua ubao, akauweka tena chini. Hakuandika, aliniambia kwa mikono, polepole, akirudia na kuigiza mpaka nielewe. Mama yake alimlisha vizuri. Alimvika vizuri. Akiumwa alikesha naye. Alikufa miaka mitatu iliyopita, na hawakuwahi kuzungumza. Si kwamba waligombana. Hawakuwa na lugha. Yeye alifundishwa maneno ya mdomo yasiyofika popote, mama hakufundishwa chochote. "Sijui alikuwa anapenda rangi gani," akasema. Alilisema hilo bila uzito, kama mtu anayekuambia saa.

Jumapili, 20 Aprili

Sikupiga nyumbani. Nimetuma ujumbe kwamba mtandao mbaya. Si kweli, ni kwamba sijawa tayari. Nataka nimshtukize mtoto na sentensi nzima: Baba anakupenda, baba atarudi, nisimulie shule. Nafanya mazoezi mbele ya kioo cha Kinyozi. Anasema nafanana na mtu anayefukuza nyuki.

Jumapili, 27 Aprili

Nitaandika yote, maana nisipoandika sitalala.

Nilivaa shati safi. Nilimwambia Kinyozi ashike simu, asicheze, asinikate mikono. Mke wangu akapokea, nikamwambia mwite, nina jambo lake.

Chiriku alikuja akakaa kwenye kiti. Akanitazama, akatabasamu kwa heshima, kama anavyotabasamu mtoto mbele ya mgeni. Halafu akaingiza viganja vyake vyote viwili chini ya mapaja akavikalia.

Nikauliza, "Kwa nini anakaa hivyo? Ana baridi?"

Mke wangu alitazama pembeni. "Darasani ndivyo wanavyokaa. Wakiikalia, mikono haiwaponyoki. Na bibi yake alimwonyesha picha yako, akamwonyesha mikono, akamfanyia hapana. Ili atii. Mtoto ameelewa kwamba wewe huipendi."

"Siipendi nini?"

"Mikono yake."

Mama yangu alisema kutoka mlangoni, "Nilitaka asome!" lakini sauti yake haikuwa na ile nguvu yake.

Niliinua mikono yangu mbele ya simu. Nikasema sentensi yangu yote, pole pole, kila kidole mahali pake kama Fundi alivyokiweka. Baba anakupenda. Baba atarudi. Nisimulie shule.

Alinitazama. Nikarudia. Paji la uso likajikunja. Mkono mmoja ukachomoka chini ya paja, akamgusa mama yake, akamwuliza kitu haraka haraka, na mke wangu akaweka kiganja mdomoni.

"Anasema nini?"

"Anauliza kama mikono inakuuma."

Hakuelewa hata neno moja. Wiki mbili na nusu zangu zote, sugu zangu, kioo cha Kinyozi, na mtoto wangu anadhani nina ugonjwa wa viungo. Nilirudia mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, kama watu wanavyompigia kelele kiziwi, na yeye akazidi kuniogopea.

Nikashusha mikono. Sikujua la kufanya. Nadhani aliliona hilo, maana kuona ndiyo kazi yake. Akachomoa na mkono wa pili. Akafikiri. Kisha akaniambia, wazi kabisa, akiacha nafasi katikati: mvua? Akangoja. Nikatikisa kichwa, ndiyo, mvua. Kula? Ndiyo, nimekula. Kulala? Nikamwambia si sana.

Alikuwa ameyatafuta maneno matatu ambayo anajua nayajua, akayapanga yawe mazungumzo. Mtoto wa miaka minane. Amenishushia ngazi ili baba yake apande.

Mtandao ulikatika, au Kinyozi alibonyeza mahali. Alinirudishia simu, akaenda nje kwenye mvua bila kofia, akakaa huko.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilimsubiri Fundi getini kabla king'ora hakijalia. Nikamwambia mtoto hakuelewa. Aliniambia nimwonyeshe jinsi mtoto alivyosema mvua. Nikamwonyesha. Akapiga paji lake la uso kwa kiganja, akakaa kwenye gogo.

Mimi nilijua hivi: huku na kwetu lugha ni moja. Nilivuka mpaka, nikasalimia watu, wakaitikia, nikanunua mkate bila shida. Kwa hiyo na viziwi wa huku na wa kwetu lugha yao ni moja. Haikunipitia akilini kwamba viziwi hawakukopa lugha yao kwetu. Wana yao, na ya upande huu ni nyingine, na ya kwetu ni nyingine. Fundi naye hakujua kama sijui. Kwake lilikuwa jambo la wazi kama kwamba maji yanalowesha.

Nilikuwa nimejifunza lugha ya ugenini ili nizungumze na mtoto wa nyumbani.

Alinionea huruma, halafu akacheka, halafu nami nikacheka. Akaandika kwenye ubao: "Lakini sasa una vidole." Ni kweli. Vimelainika. Kilichobaki ni maneno, na maneno yako kwake.

Alhamisi, 1 Mei

Leo hakuna kazi. Nimempigia mwalimu mkuu. Ni mtu wa sauti ya chini, nilimkuta shuleni hata siku ya mapumziko.

Nilimwambia nataka mwanangu arudi darasa la alama.

"Mzee, mlichagua wenyewe."

"Mimi ndiye niliyechagua, si wao. Nilikosea. Kwanza mwalimu, agizo si linasema wote wafundishwe kwa alama?"

Akacheka bila furaha. "Agizo lililetwa, walimu hawakuletwa. Wanaojua alama ninao wawili, mmoja ni kiziwi mwenyewe na ndiye bora, na yumo kwenye majaribio ya kazi kwa sababu hana cheti cha kutamka. Mwalimu wa midomo ni mtu mwema, anafundisha alichofundishwa yeye. Nifanye nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu mbaya.

"Nina nafasi moja," akasema. "Lakini tumejiwekea sharti. Kila mtoto wa darasa la alama lazima awe na mtu mmoja wa nyumbani anayekuja Jumamosi asubuhi kujifunza naye. Tumeona watoto wanapata lugha hapa, wakifika nyumbani wanakuta ukuta. Wako ana nani?"

Mke wangu Jumamosi yuko zamu, anafua mashuka ya hospitali, na zamu hiyo haibadiliki. Nikamwambia nitampigia.

"Nitaishika nafasi mpaka katikati ya Juni," akasema. "Baada ya hapo kuna mwingine anaiulizia, na nitashindwa kumwangalia usoni."

Jumamosi, 3 Mei

Nimemwomba mama. Amesema mikono yake ina miaka sabini, imelima, imezalisha wanawake, imeosha maiti, haiwezi kuanza shule leo. Nikamwambia ni asubuhi moja kwa wiki. Akasema, "Na nikikubali, nitakuwa nimekubali kwamba hatasema." Hapo akakata simu. Mama yangu hakati simu, huwa anaiacha mezani na kuendelea na kazi zake.

Jumanne, 13 Mei

Mvua za jioni tu sasa. Magogo yameanza kuja kwa wingi.

Ijumaa, 16 Mei

Msimamizi aliniita ofisini. Mkataba wangu unaisha mwanzo wa Juni, na kiangazi ndicho kipindi cha kazi. Anataka nibaki mwaka mwingine, tena niwe msaidizi wa msumeno kamili. "Wewe na Fundi mnaelewana," akasema. Niligundua amesema Fundi. Nilimwomba siku chache.

Huo mwaka ndio niliokuwa nautaka nilipotoka nyumbani. Nilikuwa nimeshaupangia.

Jumapili, 18 Mei

Nimemwambia mke wangu mambo yote mawili, kubaki, au kurudi niwe mtu wa Jumamosi shuleni. Hakunishauri. Alisema tu, "Ukirudi tutabanana. Ukibaki tutabanana vilevile, ila kila mtu mahali pake." Akacheka. Nilikuwa nimesahau anavyocheka, meno ya chini mbele.

Chiriku alipita nyuma yake, akaniona. Akasimama. Viganja vilikuwa vimening'inia tu, havijui viende wapi. Nikamwuliza, kula? Akajibu, ndiyo. Halafu akaongeza kitu kirefu, kirefu sana, macho yakiwa mlangoni kama kuna mtu atamkamata. Sikuelewa hata kidogo. Safari hii sikutikisa kichwa. Nilimfanyia mikono mitupu: sijui. Akashangaa. Nadhani ni mara ya kwanza mimi kumwambia ukweli kwa lugha yake.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia msimamizi hapana. Amesema nafasi haitaningoja. Nikamwambia iliyopo nyumbani nayo haingoji.

Jumamosi, 24 Mei

Kinyozi amenuna. "Unaacha kazi ukacheze na vidole." Baadaye akaja na kiti chake, akasema nikae aninyoe, na leo si Jumapili. Alininyoa taratibu mno. Ana watoto wanne, nilijua leo. Wote wanasikia. "Na mimi huwa natikisa kichwa tu kwenye simu," akasema.

Jumapili, 1 Juni

Sauti kutoka kwa mama. Ndefu, na mwanzo wake wote ni kuku. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema:

"Sasa wewe usije ukadhani nimekubali. Mwalimu mkuu alisema kuna mwingine anaiulizia nafasi, mimi sipendi kitu cha mwanangu kipotee, nikaenda jana kukushikia kiti. Kushika kiti tu. Kuna mwalimu mmoja kijana, kiziwi, ana adabu sana, alinipokea mkoba. Nikakaa. Wakaanza mambo yao. Chiriku akaniona sifanyi, akaja akanishika mikono, akaniambia hivi, hivi. Nikamwambia bibi ni mzee. Akasema hapana. Anajua kusema hapana, huyo, kama babu yake. Basi. Jana jioni alinisimulia jambo. Lilihusu mbwa wa shule na mwalimu na sufuria. Nadhani mbwa aliiba. Au mwalimu. Nilicheka mpaka nikalia, na sijui nani aliiba. Mwanangu, uje haraka uniambie nani aliiba. Na mahindi yanataka palizi."

Nimemsikilizisha Kinyozi. Amesema ni mwalimu aliyeiba.

Ijumaa, 6 Juni

Siku ya mwisho kwenye msumeno. Tulipasua mpaka jioni, jua kali, vumbi la mbao linang'aa hewani. Fundi hakuniaga bandani. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaniambia kwa mikono, na hii niliielewa yote bila ubao: ukifika, usimfundishe. Kaa chini yeye akufundishe. Nikamwambia nitakukumbuka. Akauliza kwa lugha gani. Nikamwambia kwa ile ya ugenini. Akanipiga bega, akarudi kazini, hakugeuka, na hata ningemwita asingesikia, kwa hiyo nilikimbia nikampita mbele nikasimama nimwone mara moja zaidi.

Jumamosi, 7 Juni

Begi liko tayari. Basi linaondoka kesho alfajiri, halafu jingine mpakani, halafu lile la kwetu. Njia zimekauka, madereva wanasema hakuna kukwama tena. Nategemea kufika Jumanne, tarehe kumi, mchana, kabla shule haijatoka. Mke wangu nimemwambia. Chiriku tumemficha, lakini nadhani anajua, maana mama anasema tangu juzi anamwuliza kama mvua kwa baba imeisha.

Nitashuka kituoni niende moja kwa moja mpaka kwenye geti la shule. Sitaita. Nitasimama mahali atakaponiona.